Mchanga wa Baba Kulwa

Jana asubuhi hapa Katoro mvua iliacha dimbwi getini kwetu, nami nilikuwa nachelewa kazini mgahawani. Nikaona beseni la mchanga, nikalimwaga dimbwini ili nivuke. Niseme haki: beseni lilikuwa mlangoni kwa jirani yangu Baba Kulwa, mchimbaji, na sikuuliza.

Nilipokwisha kuvuka, akatoka.

"Mama Neema, umeona mchanga wangu? Mle mna dhahabu, jasho langu la wiki nzima."

"Labda watoto," nikasema. Sijui kwa nini. Watoto walikuwa bado wamelala.

Akatazama dimbwi, akanitazama miguuni, akapiga magoti na kuanza kuzoa tope. Hakunitukana. Alinisogezea beseni tu.

"Suuza viatu humu kabla hujaondoka. Naona watoto waliviazima."