Siku Baba Alipogonga Ukuta wa Venisi

Nilikwenda Venisi kwa sababu ya fomu. Ndugu zangu mlioko Unguja mnajua kwamba shule sikufika nayo mbali, na hapa Edmonton, London, nafungasha mizigo ghalani, ila kuota sijaacha. Mwezi uliopita nilikubaliwa kozi ya ufundi wa chokaa, ya kutengeneza majumba ya zamani. Fomu ya kukubali nafasi ilitakiwa Jumatatu. Baba akakataa.

Yeye mwenyewe alikuwa fundi chokaa Mji Mkongwe. Alipofika London aliiacha kazi hiyo akaingia ghalani, na ile ya zamani hata kuisimulia hakutaka. Mimi aliniambia hakunileta Ulaya nije kubeba karai. Umri wa kujiamulia ninao, lakini kuishika kazi ya Baba bila radhi ya Baba, moyo haukunipa. Nikakata tiketi mbili za bei ya chini, kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili. Nilisikia yupo mama anayetembeza wageni kwa miguu, akiwaonyesha mji ule wa Italia ulivyojengwa kwa chokaa. Baba nilimwambia tunakwenda kupumzika.

Jumamosi alfajiri tulitoka nyumbani, yeye kavaa kofia yake ya Idi. Alibeba mkate wa kumimina mzima, kwa kuwa chakula cha safarini hakiamini. Uwanja wa ndege askari wa ukaguzi akaufungua mkate, akaugeuza huku na huku. Baba akammegea yule askari kipande. Alikataa, lakini alicheka, tukapita.

Saa sita mchana tukashuka Venisi. Mbele yetu maji, na majumba yametoka humo humo majini kama yaliyoota. Baba alisimama akatazama kulia na kushoto, akauliza magari yao wameyaficha wapi. Nikamwambia hawana, tutatembea. Akanitazama kama mtu aliyekwisha kunikamata kuwa hatukuja kupumzika.

Mwenyeji wetu aliitwa Marta, mama wa makamo, amevaa mabuti ya mpira. Tulikuwa wageni wanane. Alianza kwa kutueleza kuwa chini ya miguu yetu ni tope tupu, na mji umo katika maji ya bahari yaliyozingirwa na kingo za mchanga. Watu wa kale walikata magogo, wakayashindilia topeni yamebanana, juu yake wakalaza mawe magumu, ndipo wakainua kuta za matofali na chokaa. Gogo likizama topeni halipati hewa, basi halikimbilii kuoza.

"Kama boriti zetu za mikoko," Baba akaninong'oneza. "Sisi tuliziweka juu, zibebe dari. Wenzetu wamezikita chini, zibebe mji."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akisema "sisi" kwa kazi ile. Nikazidi kumsogelea, nisipitwe na neno.

Saa nane tuliingia ukumbi wa nyumba moja kongwe, sakafu yake inang'aa kama kioo. Mlangoni Baba akavua viatu, kama tunavyofanya kwetu. Mzee mmoja Mwingereza nyuma yake akavua vyake, mkewe naye, na kufumba na kufumbua kundi zima limebaki na soksi, wakidhani ndiyo sheria. Marta hakuwazuia. Alisema sakafu ile ni chokaa na vigae vilivyopondwa, ikagongwa siku nyingi mpaka ikashikana.

Baba akaipapasa kwa unyayo. "Hii imepigwa hasa," akasema. "Bibi yako alikuwa mpigaji sakafu. Wanawake ishirini juu ya dari, kila mmoja na fimbo yake, na nyimbo, kuanzia asubuhi."

Bibi ambaye mimi nilimjua kwa maandazi tu! Nilisimama juu ya sakafu ya watu nikahisi kama ya kwetu.

Kituo cha mwisho kilikuwa kichochoro chenye ukuta uliopigwa lipu mpya, safi, laini. Marta akatuuliza tunaonaje. Wote wakausifu. Baba akasogea, akaugonga kwa konzi, akatega sikio, akagonga tena chini kidogo. Ulilia kama debe tupu.

"Hapa wametia saruji," akasema kwa Kiingereza chake. "Ukuta wa zamani unakunywa maji kutoka chini, lazima upumue. Wameuziba. Chumvi inautafuna ndani kwa ndani."

Marta akasema hilo ndilo alilotuletea tuone, na mwaka mzima hajapata mgeni aliyelitambua kwa sikio. Akampisha Baba asimame mbele amalizie maelezo. Akamwita maestro, na akatueleza kuwa ndivyo wanavyomwita fundi wa mafundi. Kifua changu kilijaa, nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Jioni tulikaa kwenye ngazi za daraja tukila ule mkate. Hapo ndipo Baba aliponiambia. Mwenye nyumba mmoja Mji Mkongwe alitaka kazi iishe haraka, akaagiza saruji. Baba alijua kuwa ni makosa, na akaipiga. Baada ya masika chache upande mmoja ukaanguka. Hakuumia mtu, lakini bibi kizee aliyezaliwa mle ndani alihamishwa, na hakurudi tena.

"Karai si kitu," akasema. "Naogopa siku utakapojua lililo sawa, ukaambiwa ufanye jengine."

"Basi nifundishe kukataa, Baba."

Akainuka. Alikung'uta makombo kwenye kanzu, tukaondoka.

Jumapili tulirudi. Nilichokipata kule ni hiki: nilidhani natoka familia ya watu wa ghalani, kumbe natoka kwa watu waliojenga mji, na mji wenyewe bado umesimama.

Jumatatu asubuhi niliamka nikamkuta Baba mezani, fomu mbele yake, miwani puani. Pale wanapouliza kazi ya mzazi, ambapo miaka yote kwenye fomu zangu aliandika ghala, safari hii kaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa: FUNDI CHOKAA.

Nikamwambia hawatafahamu.

"Watakuuliza," akasema, akanisukumia kalamu. "Utawaeleza."