Kiti cha kocha

Leo Bibi yangu amekula amekaa kwenye kiti. Nyinyi mnaomjua, nambieni kama mliwahi kuliona hilo.

Kwa wasiomjua: magoti yanamuuma mwaka wa pili huu, na kwetu Azaiba chakula cha mchana huliwa chini, sinia katikati. Tumembembeleza sote akae juu. "Kiti cha wagonjwa hicho," anasema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Leo baada ya sala nikamleta kocha wetu wa mpira wa kikapu. Mmarekani, mrefu mpaka mlangoni aliinama.

Akajaribu kukaa chini.

Goti moja likakubali. La pili likakataa katakata. Akabaki nusu njia, mkono ukutani, jasho linamtoka. Sote tukawa tunaitazama biriani.

"Kapatwa na nini huyu?" Bibi akauliza.

Kocha akaeleza, mimi nikatafsiri. Alikuwa senta. Miaka minne kwenye timu ya chuo, kisha akacheza kwa mshahara, kwao kwanza, halafu Uturuki. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya kikapu na kushika nafasi, watu wamsukume na yeye asiondoke. Magoti yakaishia huko.

Bibi akatugeukia.

"Leteni viti viwili. Mgeni hali peke yake."

Wakala juu, sisi chini. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Kocha kaondoka alasiri. Nikaenda kurudisha viti, nikamkuta Bibi kakalia kimoja, anakunywa chai.

"Bibi, mgeni keshaondoka."

"Nnajua. Nnamshikia nafasi."