Mihogo Tuliyoiokoa

Mama yangu aliwaambia majirani kwamba nimekwenda ng'ambo. Ukweli ni kwamba nilipanda lori Mbeya, nikakaa siku tatu juu ya marobota ya blanketi, nikashukia Nchelenge, ng'ambo ya mpaka tu, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Ilikuwa miaka ya hamsini, likizo ya chuo kikuu. Ziwa lilikuwa limefurika na kubomoa nyumba za wavuvi, na mimi nilikuwa mmoja wa vijana sita waliojitolea kupeleka misaada. Nilikuwa na kofia mpya, na sikuwa na shaka kwamba watu wale walikuwa wakiningoja mimi.

Jumanne asubuhi tuliona magunia manne yamezama kwenye maji yaliyotuama nyuma ya nyumba moja. Juu yake yalikuwa yamepangwa mawe. Mawe yale yangemfanya hata mtoto ajiulize. Mimi, msomi, nilitangaza kwamba magunia yameletwa na mafuriko. Tukayaburuta nje, tukakuta mihogo iliyomenywa, tukaianika juani kwenye maturubai yetu. Niliomba nipigwe picha nikiwa nimeweka mguu juu ya gunia.

Mchana mwenye nyumba alirudi na sufuria za kuazima kichwani. Alitazama mihogo, akanitazama mimi.

"Mutoto ya masomo," akasema kwa Kiswahili cha kwao, "nani alikutuma kutoa muhogo yangu mu maji?"

Nikamjibu kwa heshima, "Mama, tuliiokoa."

Akatua sufuria, akakaa chini, akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaacha ghafla, akatueleza. Mihogo yao ni michungu. Hulowekwa siku tatu ilainike na uchungu utoke, ndipo ikaushwe na kutwangwa. Ziwa lilipokuja hadi mlangoni, aliona walau limfanyie kazi hiyo, akaitumbukiza Jumatatu. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake. Mafuriko yalikwisha kuiahirisha harusi mara moja, na wakwe wa kisiwani walianza kunung'unika. Bila unga, wangegeuza mitumbwi yao na pengine wasirudi.

Kwetu milimani tulikula ndizi na mahindi. Chuoni hakuna aliyenifundisha muhogo. Tukairudisha majini upesi, na mawe nikayapanga mwenyewe.

Alhamisi alasiri mihogo ilikuwa laini. Sasa hapakuwa na pa kuianika, maana miamba yao ya kuanikia ilikuwa chini ya ziwa. Maturubai yetu yakapata kazi ya maana. Mama yule alituonyesha kuimega vipande vidogo mno ili jua liifikie haraka, na majirani wakaja kutusaidia na kutucheka. Mimi nilipewa kufukuza mbuzi, kazi ya kwanza mwezi ule iliyolingana na uwezo wangu. Jumamosi alfajiri vinu vililia ufuko mzima.

Wakwe walifika wakiimba. Walikuwa wamekwisha kusikia habari. Ziwa lile halifichi upuuzi wa mtu. Ugali, ambao wao huuita bukari, ulipoletwa na samaki, hakuna aliyeugusa. Mama yule akaweka sahani mbele yangu.

"Onja wewe kwanza. Kama iko chungu, ni wewe uliitoa."

Nilikata tonge, nikatafuna polepole huku ukoo mzima ukinitazama mdomoni. Ulikuwa na uchachu kidogo, na mtamu. Nilinyoosha mkono kukata tonge la pili, na hapo ndipo wakwe walipoomba maji ya kunawa.