Mashati Sita ya Lami

Orsola ni dobi mwenzangu hapa Venisi, na zamani ukikutana naye mferejini hupati nafasi ya kusema. Sasa haongei. Basi nitasema mimi.

Yeye ndiye anayefua kola za nyumbani kwa balozi wa mfalme wa ng'ambo. Waheshimiwa wetu wamekatazwa hata kumsalimia balozi njiani, wasije wakatoa siri za dola, lakini dobi nani atamkataza? Karani wa balozi, Inyigo, kijana mpole kupindukia, kila Jumamosi alipokea kapu mwenyewe, akamkalisha Orsola, akamtilia divai, kisha akauliza, "Na Tita hajambo, mama?"

Tita alikuwa mwanawe wa pekee, fundi wa kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za merikebu za vita kwa pamba na lami, kwenye karakana ya dola. Ukimuuliza Orsola habari za Tita, utalala hapo hapo. Jumamosi moja alilalamika kwamba mtoto kakonda, harudi kula, na mashati ya lami aliyozoea kufua mawili kwa wiki sasa yamekuwa sita, Jumapili nayo kazini. Maneno ya mama tu. Tita alikuwa ameapa kutotoa siri za karakana, na haki ya Mungu hakutoa hata moja.

Inyigo akapiga hesabu ya mashati, akamwandikia mfalme wake kwamba merikebu zetu zitatoka kabla ya Pasaka. Barua ikakamatwa njiani, na ndani imeandikwa kwamba habari zimetoka kwa dobi wao, mama wa fundi kalafati. Askari wa dola wakaja kumchukua Tita.

Orsola akaenda mbele ya wakubwa kwa miguu yake, akapiga magoti.

"Ni mimi, waheshimiwa. Mwanangu hakuniambia kitu. Nilihesabu mashati."

Wakamuuliza mashati ya nani. Akajibu ya Tita, masikini, akidhani anamwokoa. Nao wakaandika kwamba siri imetoka kwa Tita.

Akakimbilia kwa balozi. Wiki ile ile balozi alikuwa amekwenda ikulu mara moja tu, na mfanyabiashara wa kwao akatolewa gerezani. Orsola alidhani na mwanawe atatolewa hivyo hivyo. Inyigo akamfuata mlangoni, macho chini.

"Mama, balozi akimwombea, wataona kweli ni mtu wetu; ndipo atakuwa amemmaliza."

Kinachoniuma ni kwamba alisema kweli. Halafu, bila haya, akampa kapu la kola.

Tita akahukumiwa kupiga makasia miaka kumi, kafungwa mnyororo ndani ya merikebu aliyoitia kalafati kwa mikono yake. Mwaka wa pili akafa kwa homa. Hatukuona hata kaburi.

Orsola bado anafua kule; atakula nini? Siku hizi namsaidia kubeba kapu. Jumamosi iliyopita tulimkuta karani mpya, naye mpole vile vile. Akamkalisha, akamtilia divai, akamuuliza kama ana watoto.

Orsola hakugusa kikombe.

"Sina," akasema, akaomba nguo zake za kufua.