Godoro la Wageni

Mkutano ule mkubwa wa afya ulipofanyika Bariadi, wageni wa mataifa waliletwa hadi Ipililo kufungua nyumba ya kusubiria wajawazito, kando ya zahanati. Vitanda vinne, magodoro mapya ndani ya nailoni zake. Ufunguo akakabidhiwa Milembe, mhudumu wa afya wa kijiji, mjane ambaye ukikanyaga sakafu yake kwa miguu ya tope utamtambua. Mgeni mmoja akamshika mkono, akasema watarudi kuona. Laiti angenyamaza!

Maana kwetu kitu kizuri ni cha wageni. Kikombe cha wageni, blanketi la wageni, wenye nyumba tunajibana. Milembe alilelewa hivyo. Kila asubuhi alivuka mto uliotenga kijiji na zahanati, akafagia, akafuta vumbi juu ya nailoni, akafunga. Mjamzito akija anaambiwa, "Uchungu ukikaribia, njoo. Wageni wasije wakakuta tumepachafua." Miaka miwili hakulala mtu. Na wageni wenyewe, hata salamu.

Machi ya mwaka wa tatu, mvua zimeanza, mkwewe Kabula, mke wa mwanawe Maige, alimpigia magoti. "Mayu, mama yangu, siku zangu zimekaribia. Naomba nikalale kule. Mto huu siuamini."

"Vumilia wiki moja, mwanangu. Miguu yote hiyo tope la shamba!"

Kabula hakubishana. Mkwe gani wa Kisukuma anabishana na mama mkwe? Siku ya nne, Milembe akiwa ameshavuka kwenda kufagia, mvua ilishuka na mto ukafurika. Uchungu ukamshika Kabula; Maige na wenzake walimbeba na kitanda chake hadi ukingoni, wakakwama. Ng'ambo alisimama Milembe, ufunguo mkononi, anamsikia mkwewe akilia. Maji yalipopungua, saa nane mchana, Kabula alikuwa amekufa, na mtoto tumboni.

Watu walisema ni mto. Maige naye alisema ni mto, na hilo ndilo lililomkata maini mama yake.

Baada ya matanga Milembe alivuka, akafungua ile nyumba, akachana nailoni zote nne kwa kucha na meno, analia, "Kabula mwanangu, nilikunyima godoro!"

Wiki iliyofuata akaja Felisita, mimba ya miezi minane, akasimama mlangoni anakung'uta tope.

"Nivue viatu, mayu?"

"Ingia navyo, mwanangu," Milembe alisema. "Panda navyo kitandani."