Redio Isiyozimwa

Sauti ninayoikumbuka zaidi ya utotoni kwangu Msimbati ni ya redio ikiongea peke yake kwenye baraza tupu. Betri za redio zilikuwa zimeadimika madukani, kwa hiyo mwenyekiti wetu alivuta nyaya mbili kutoka kwenye betri ya Landrova ya ushirika, gari pekee kijijini, akazipitisha dirishani hadi mezani kwake. Taarifa ya habari ikiisha watu walirudi kwenye mihogo yao, redio ikabaki ikiwatangazia kuku. Kuizima ilikuwa mwiko. Mwenyekiti alisema ile ni sauti ya serikali, na serikali haizibwi mdomo. Nilikuwa na miaka tisa, na hata wakati ule nilijiuliza serikali ingepungukiwa nini kuku wasiposikia.

Mwaka huo dada yangu Somoe alichaguliwa kuingia sekondari, msichana wa kwanza kwetu. Alitakiwa kuripoti Mtwara mjini Jumatatu kabla ya adhuhuri. Jumapili alasiri, yeye akipiga pasi sare yake, mimi nilipita barazani nikamkuta mwenyekiti akitoka kuswali.

"Shikamoo, mzee. Redio inamsemesha nani?"

"Inakusemesha wewe, mkaidi. Sikiliza."

"Haitamaliza betri ya gari?"

"Haya, mtoto wa kike ananifundisha gari! Nenda kamsaidie mama yako kutwanga."

Asubuhi baba mdogo Issa, dereva wa Landrova, alizungusha ufunguo ili ampeleke Somoe. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Wanaume wakasukuma. Kwenye lami lingewaka, lakini mchanga wa Msimbati ulimeza magurudumu, na kila hatua walizama hadi vifundoni. Redio nayo ilikuwa kimya, nyaya bado zimebanwa kwenye betri, na watu wazima wote wakaangalia pembeni. Bibi mmoja akasema safari ina mkosi. Mwenyekiti akadakia upesi, "Mungu hajapenda." Mungu! Baba akajitwika sanduku la Somoe, wakaondoka wawili kwa miguu. Walifika mjini jua likielekea kuzama. Karani wa shule akawaambia nafasi ameshapewa mwingine. Mwaka uliofuata Somoe aliozwa Nanyamba.

Leo niko chuo kikuu. Magomeni, ninakofikia kwa shangazi, kila nyumba ina redio na watoto wanaizima wapendavyo, wala serikali haijaanguka. Kila nikiwaona napandwa na hasira upya. Likizo iliyopita nilikwenda Nanyamba kumweleza dada kwamba hapakuwa na mkosi wowote, kwamba redio iliyoachwa kwenye betri kutwa kucha, injini ikiwa imezimwa, huinyonya mpaka inakauka. Alikuwa akibangua korosho, vidole vimeungua na kuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

"Nilijua," akasema. "Baba alijua. Issa alijua. Mpaka waliosukuma walijua."

"Na hamkusema?"

"Fomu zako wewe za shule nani angezigonga muhuri, mdogo wangu? Si mwenyekiti? Ningempigia kelele siku ile, leo tungekuwa tunabangua wote."

Nilikuwa nimemletea hasira yangu nikidhani tutagawana. Niliondoka nayo yote, na zaidi.