Kilo za Kiguunjia

Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa na siafu miguuni. Alitambaa wiki moja tu, kutambaa kukamchosha, akasimama, na tangu siku ile hakuna kiti kilichompata kwa muda mrefu kuliko wa kumaliza kikombe cha chai. Shuleni dawati lake lilikuwa la mlangoni. Alipopelekwa kujifunza ushonaji alidumu siku nne. Ya tano aliacha cherehani inazunguka, akatoka kwenda kutazama nani anapita barabarani. Faida aliyoipata pale ni mume, maana mshonaji aliyekuwa akimfundisha ndiye aliyekuja kumposa. Watu walicheka sana: mmoja hana kitako, mwingine akikaa amekaa. Ndoa hiyo sasa ina miaka thelathini na moja, na baadhi ya waliocheka wameshaachika mara mbili.

Jina la Kiguunjia, yaani kiguu na njia, lilimganda alipoanza kazi ya chanjo. Kila asubuhi hufunga sanduku la barafu nyuma ya pikipiki, mzani wa watoto ndani ya mfuko, akazungukia vituo vitano ng'ambo ya mto. Watu anawajua kwa kilo zao za utotoni. "Wewe si yule wa kilo mbili na robo?" humwambia bwana harusi mwenye ndevu, mbele ya wakwe zake. Na mama akija na mtoto aliyekonda na maneno mengi, humkatiza: "Mwanangu, mweke kwenye mzani. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua."

Lakini yeye mwenyewe mara ya mwisho kupanda mzani ilikuwa mwaka ule daraja la miti lilipochukuliwa na maji. Mzani ulisema sabini na tano. Namba hiyo aliipenda, akakaa nayo. Watoto wanne wakazaliwa, wakakua, wakaenda zao, naye akijaa kidogo kidogo kama mtungi unaotiwa maji kwa kikombe. Sare yake ya buluu haikumbana hata siku moja, akaona huo ni ushahidi tosha.

Iliyoanza kulalamika ni pikipiki. Akikamata breki, mbele inainama mpaka mwisho, gu! kama mtu aliyekosea ngazi gizani. Fundi wa sokoni akamwambia dawa ni oili, akazijaza shokapu zote mbili za mbele mpaka mdomoni. Siku tatu pikipiki ilikuwa ngumu kama mchi. Ya nne sili, zile raba zinazozuia oili isitoke, zikapasuka, oili ikachuruzika hadi kwenye breki, na kwenye mteremko wa mtoni Kiguunjia akaenda chini mbele ya akina mama arobaini. Yeye alichubuka goti tu. Sanduku ndilo lililofunguka, na chanjo za wiki nzima zikamwagika mchangani.

Mkuu wa zahanati hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema kwa upole: "Mama, umetumika vya kutosha. Jumatatu nitakuja mwenyewe pale mtoni. Ukiteremka na sanduku lako salama, endelea. Ukishindwa, pikipiki nitampa mwenzako, wewe utakaa masijala. Kuna kiti kizuri pale, kina mto wa kukalia."

Kiti kina mto! Alirudi nyumbani na kiti kile kikamfuata kila chumba. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Aliosha vyombo safi. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua.

"Keti basi hata kidogo," mumewe alimwambia, sindano mdomoni.

"Nitaketi Jumatatu, wakishanifunga kamba."

Jumamosi akaipeleka pikipiki kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye gereji nyuma ya ghala la nafaka. Ndiye aliyestahili kuendewa tangu mwanzo, ila Kiguunjia alikuwa akiukwepa mdomo wake.

"Karibu, shemeji! Umeileta pikipiki, au leo imekuomba uibebe wewe?"

"Nimeleta kazi. Maneno kampe mkeo."

Kazi, tumpe haki yake, aliijua. Aliinua pikipiki, akatoa tairi, akachomoa shokapu zote mbili na kumimina oili iliyokuwa nyeusi kama wino. "Anayekubeba ni springi, shemeji. Oili kazi yake ni kuituliza isirukeruke. Na oili nayo inataka hewa juu yake, kama chungu kinavyotaka nafasi ya kuchemkia. Yule bwana alikujazia mpaka shingoni, sili zingeponea wapi?"

Alitia oili nzito kidogo kuliko ile ya zamani, akavuta bomba la kila shokapu juu na kulisukuma chini polepole mpaka mapovu yakaisha. Kisha, springi zikiwa bado nje na bomba limeshushwa hadi mwisho, akatumbukiza kijiti chenye alama kupima oili imefika wapi, kulia sawa na kushoto. "Zikipishana itachechemea kama bata." Ndipo akauliza, amempa mgongo: "Una kilo ngapi?"

Mafundi wawili waliokuwa wakibadilisha tairi wakaacha kugonga.

"Sabini na tano," alisema Kiguunjia.

Shemeji akageuka, akamtazama juu hadi chini, akachukua msumeno. Kumtania mke wa kaka yake anaruhusiwa, kumwita mwongo haruhusiwi. Akakata kipande cha bomba cha kukalia juu ya springi na kuikaza, saizi ya mtu wa kilo sabini na tano, akafunga kila kitu na kufuta mikono.

Jumapili asubuhi Kiguunjia akavaa sare kamili, akajaza mawe sandukuni, akaenda kujaribu mteremko. Breki ya kwanza: gu! Sanduku likamsukuma mgongoni. Alibaki amesimama pale, miguu miwili chini, maji yakipita mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujua pa kwenda. Halafu hasira zikamwonyesha njia.

"Umeniharibia!" alimfokea shemeji yake hata kabla ya kuzima injini. "Kesho wananiweka kitini kama bibi harusi, na wewe ndiye uliyenipeleka!"

Shemeji aliinama akavuta uzi uliokuwa ukining'inia kwenye mshono wa sare ya Kiguunjia, akaukata, akaufunga kwenye lile bomba linalong'aa la shokapu, chini kabisa, mpaka ukagusa sili.

"Panda na sanduku lako. Weka miguu juu, mimi nashika. Tulia."

Kutulia! Lakini akatulia, akihesabu moyoni. Aliposhuka, wote wawili wakainama kutazama. Uzi ulikuwa umesukumwa juu kupita nusu ya bomba.

"Inatakiwa theluthi," shemeji alisema taratibu. "Mimi niliona haya kukubishia, shemeji. Uzi huu haujui kwamba wewe ni mke wa kaka yangu."

Kiguunjia akaangalia pale uzi ulipotoka. Kando ya mshono kulikuwa na matundu madogo ya sindano, mistari mitatu, kila mmoja umenyooka. Mara tatu sare ile ilikuwa imefumuliwa na kutanuliwa. Miaka yote hiyo mumewe akiichukua, akisema anaipiga pasi tu.

"Lo, mwanamume huyu," akasema.

"Mficha maradhi..." shemeji akaanza.

"Malizia nikuchome sindano."

Akalibeba sanduku lake kifuani, kofia ngumu kichwani, akaenda moja kwa moja ghalani, shemeji nyuma yake, na kupanda mzani wa magunia. Wapagazi wakasimama. Mwenye ghala akasogeza jiwe, akaongeza jingine, akakohoa.

"Sema kwa sauti," Kiguunjia akamwamuru. "Huyu fundi ana masikio mabovu."

"Mia na kumi na nane, mama."

"Na sanduku!" Kiguunjia akawageukia wapagazi. "Na kofia!"

"Mama," mmoja akasema, "gunia la mahindi linakupa shikamoo."

"Marahaba. Liambie likue."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka, akafumua kazi yake yote. Alitoa springi nene kwenye pikipiki kubwa iliyokufa pembeni, akakata bomba upya, akapandisha oili upana wa kidole kimoja, akapima kwa kijiti chake kulia na kushoto. Safari hii uzi uliposukumwa ukakoma kwenye theluthi.

Jumatatu mkuu alikuwa kwenye ukingo wa mto na karatasi zake. Kiguunjia akateremka bila haraka, na alipofika palepale alipoangukia akakamata breki kwa makusudi. Mbele ikainama kidogo, kama mtu mwenye adabu anayeitikia salamu, ikainuka. Sanduku halikutikisika.

"Vizuri, mama! Simama basi tuandike."

"Andika tu, mkuu. Mimi nina watu wananingoja." Akaingia majini, akatokea ng'ambo.

Kituo cha kwanza, mama mmoja kijana alikuwa ameshamfunga mtoto wake kwa khanga mbili, na maneno yameshaanza: ni meno, ni joto, ni upepo. Kiguunjia akafungua mdomo kutoa methali yake, akaufunga.

"Mweke, mwanangu," akasema, akitundika mzani. "Hata mimi jana nimepanda. Wa magunia."

"Ukasema ngapi, mama?"

Akamwinamia, akamtajia sikioni, yule mama akacheka mpaka mtoto akacheka naye. Khanga zikafunguliwa. Kiguunjia akasoma namba, akaiandika, akamwita anayefuata. Kiti walichomtolea kilikuwa na mifuko ya watu juu yake hadi saa sita.